ACNT au ACCT? Namba za kozi, masharti ya kuingia na aina za masomo kwenye vyuo vya jamii Texas

Mlima_Rungwe (Irving)

Wakuu, salaam. Nimekuja Marekani mwaka jana kwa green card ya bahati nasibu, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Nyumbani nilimaliza Form Six mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) na nataka kuendelea na uhasibu, masomo yawe mchana.

Nimefungua orodha ya kozi za chuo cha jamii hapa na nimekwama. Kuna ACNT 1303, Utangulizi wa Uhasibu. Kuna ACCT 2301, Kanuni za Uhasibu wa Fedha. Zote krediti 3 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi). Halafu upande wa elimu endelevu kuna darasa la QuickBooks (programu ya kompyuta ya kutunza hesabu) la wiki chache, halina krediti kabisa. Lengo langu la mwisho ni digrii ya uhasibu, ila ningependa kutoka ghalani mapema na kupata kazi ya ofisini. Nishike njia ipi? Na hizi namba zinasomwaje?

Dada_wa_Katy

Karibu sana kaka. Kabla hujachagua, jua kwanza kuzisoma, maana kwa Texas namba inakueleza mengi kuliko jina la kozi.

Herufi nne za mwanzo ni fani. Tarakimu ya kwanza ni ngazi: 1 mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili. Tarakimu ya pili ni krediti. Mbili za mwisho zinaitambulisha kozi yenyewe, na mara nyingi zinaonyesha mfuatano, kama 2301 kisha 2302. Kwa hiyo ACCT 2301 ni ya mwaka wa pili, krediti 3. Angalia biolojia: BIOL 1306 ni mihadhara, krediti 3, BIOL 1106 ni maabara yake, krediti 1, chuo kikiziunganisha inakuwa BIOL 1406, krediti 4.

Ukiona namba inaanza na 0, mfano MATH 0314, hiyo ni kozi ya maandalizi. Unailipia, inaonekana kwenye transikripti, lakini haihesabiwi kwenye digrii.

Kwa kozi za kitaaluma mfumo huu ni wa jimbo zima. ENGL 1301 ya El Paso ndiyo ENGL 1301 ya Houston. Ukihama mji katikati ya masomo hauanzi upya.

Mhasibu_Arlington

Dada ameeleza vizuri. Mimi nije kwenye ACNT na ACCT, maana hapa ndipo watu wetu wengi wanapotezea mwaka mzima.

Jimbo la Texas lina miongozo miwili ya kozi. Mmoja ni wa kozi za kitaaluma, zile zilizotengenezwa ili zihamie chuo kikuu. Mwingine ni wa kozi za ufundi na ajira. ACCT iko kwenye wa kwanza, ACNT iko kwenye wa pili. Herufi zimetofautiana kidogo sana, lakini njia ni mbili.

ACNT 1303 itakufundisha kuchambua na kuandika miamala kwa mkono na kwa kompyuta, mzunguko mzima wa hesabu, usuluhishi wa benki na mishahara. Ni kazi hasa za karani wa hesabu. ACCT 2301 inaingia kwenye kanuni zenyewe za taarifa za fedha kwa mfumo wa Marekani, GAAP. Wewe wa ECA debiti na krediti hazitakusumbua. Ila kumbuka Tanzania tunatumia IFRS, kanuni za kimataifa, na kuna mambo yanatofautiana. Mfano, kuthamini bidhaa zilizobaki kwa njia ya LIFO (zilizoingia mwisho zihesabiwe kutoka kwanza): IFRS imeikataza, GAAP inaikubali na utaulizwa kwenye mtihani.

Sasa ukienda chuo kikuu kuomba digrii ya biashara ya uhasibu, ACCT 2301 na 2302 zinaingia moja kwa moja kwenye nafasi zake. ACNT 1303 haina uhakika huo. Inaweza kupokelewa kama krediti ya ziada isiyojaza sharti lolote, au isipokelewe kabisa. Kama lengo ni digrii, chukua ACCT.

Mama_Neema

Naheshimu ushauri wa Mhasibu lakini sikubaliani nao wote. Mwenzetu amesema anataka kutoka ghalani mapema. Mimi nilianza na cheti cha ACNT na hapa ninapoandika nashughulikia mishahara ya wafanyakazi kwenye kampuni ya ujenzi. Waliponisaili hawakuniuliza GAAP, walinipa karatasi ya benki na leja wakaniambia nitafute kwa nini hazilingani.

Tena si kweli kwamba njia ya ufundi imefungwa mbele. Ukimaliza AAS, ile digrii ya miaka miwili ya ufundi, kuna vyuo vikuu vyenye shahada inayoitwa BAAS inayopokea krediti za ufundi kwa wingi. UNT (University of North Texas) pale Denton wanayo.

Mhasibu_Arlington

Mama Neema, BAAS ni kweli ipo na ni shahada kamili. Lakini si shahada ya uhasibu. Akija kutaka CPA, ile leseni ya mhasibu wa umma, atatakiwa kuwa na krediti nyingi za uhasibu wa ngazi ya juu, na hapo atarudi kuchukua ACCT 2301 na 2302 ndipo aruhusiwe kupanda. Ndiyo maana nasema tuangalie mwisho wa safari kwanza. Kwa anayetaka kazi na ameridhika nayo, cheti chako ni chaguo zuri sana, wala sikibezi.

Kipepeo254 (Kent, Washington)

Ndugu zangu, niwaongezee ya huku. Kwetu Washington kozi iliyo kwenye mfumo wa pamoja wa jimbo ina alama ya & baada ya herufi: ENGL& 101, MATH& 141. Namba chini ya 100 si ya kiwango cha chuo. Na huku tunaenda kwa robo mwaka, si muhula. ENGL& 101 ni krediti 5 za robo, lakini ukihamia Texas zinageuzwa kuwa 3 na kidogo, kwa sababu krediti 3 za robo ni sawa na 2 za muhula. Mtu asione "nina krediti 90" akadhani zitabaki 90 akivuka jimbo, zinakuwa 60.

California nao wameanza namba za pamoja mwaka 2025, zina herufi C katikati, kama ENGL C1000. Kwa hiyo ushauri wa binamu aliye jimbo lingine pokea, lakini namba zake usizinakili.

Mwl_Kirumba

Masharti ya kuingia hayajaguswa, nami niyaguse.

Vyuo vya jamii havichujani kwa ufaulu kama tulivyozoea. Utatakiwa uthibitisho kwamba umemaliza sekondari. Uliza chuo kama kinataka cheti chako kifanyiwe tathmini, na kama kinataka, ni ya taasisi ipi; mara nyingi ni mwanachama wa NACES, umoja wa taasisi za kutathmini vyeti vya nje. Omba tathmini ya somo kwa somo, siyo ile fupi, kwa kuwa chuo kikuu kinaweza kuihitaji baadaye.

Kuingia chuoni ni rahisi, kuingia kwenye kozi ndiko kuna mlango wa pili. Texas mlango huo unaitwa TSI. Mtihani wake, TSIA2, unapima hesabu na Kiingereza. Hesabu unatakiwa ufikishe 950. Kiingereza 945 pamoja na insha yenye alama 5 au zaidi. Usipofikisha, siku hizi hawakuweki pembeni mwaka mzima. Kwa kawaida wanakupa kozi ya chuo na ya msaada yake ndani ya muhula mmoja, yaani MATH 1314 ukiambatanisha na 0314.

Sasa sikiliza hili: anayesoma cheti cha ngazi ya kwanza, kisichozidi krediti 42, hadaiwi TSI. Wengi huelekezwa huko kwa sababu hiyo, wanaambiwa "hakuna mtihani, anza Jumatatu". Siku wakitaka kuhamia njia ya digrii, TSI inawasubiri pale pale. Fanya mtihani mapema ungali na hesabu za Form Six kichwani.

Ada inategemea makazi. Uwe umeishi Texas miezi 12 kabla ya tarehe ya sensa ya muhula (siku chuo kinapohesabu rasmi waliosajiliwa), la sivyo utatozwa ya mgeni. Tunza mkataba wa nyumba na hati za mshahara. Wa chini ya miaka 22 wanadaiwa pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo.

Nesi_Mtarajiwa

Kwa wa uuguzi, mtego ni ule ule. BIOL 2404 inafundisha anatomia na fiziolojia yote kwa muhula mmoja, inavutia. Lakini programu nyingi za RN (muuguzi aliyesajiliwa) zinataka BIOL 2401 na 2402, kozi mbili zenye maabara. Fungueni ukurasa wa programu mnayoilenga kwanza, kisha ndipo mjisajili.

Mlima_Rungwe

Asanteni sana, mmenifungua macho. Miezi 12 natimiza kabla ya muhula wa vuli. Je, la QuickBooks naweza kulipiwa na FAFSA, yaani maombi ya msaada wa masomo wa serikali kuu? Na nikichukua ACNT na ACCT pamoja, nikaacha moja ikinizidi?

Dada_wa_Katy

Ruzuku ya Pell, ile unayoiomba kupitia FAFSA, hailipii darasa fupi lisilo na krediti kama hilo, utatoa mfukoni. Kama litakusaidia kupata kazi, lichukue kiangazi, halina madhara kwenye transikripti.

Kuacha kozi, kuwa mwangalifu mno. Sheria ya Texas inakuruhusu kuacha kozi 6 tu katika masomo yako yote ya shahada ya kwanza, vyuo vyote vya umma vikijumlishwa. Na Pell ina kikomo cha miaka 6 ya masomo ya muda wote, kwa hiyo ACNT isiyokupeleka unakotaka inakula siku zako. Anza na kozi mbili au tatu, unafanya kazi usiku.

Mlima_Rungwe

Basi nimeamua hivi: QuickBooks kiangazi kwa pesa yangu, TSIA2 mwezi huohuo, vuli naanza ENGL 1301, ACCT 2301 na MATH 1314.

Mhasibu_Arlington

Vizuri, ila badilisha hesabu. Digrii za biashara kwa kawaida zinataka MATH 1324, hesabu za biashara, na baada yake 1325. Ile 1314 ni aljebra ya chuo, inafaa zaidi kwa wa sayansi. Tafuta mpango wa masomo wa chuo kikuu unachokilenga, uuchapishe, uende nao kwa mshauri wa masomo, na mwombe aandike namba za kozi mlizokubaliana kwenye faili lako.