Kuwatembeza wazee Mombasa, mmoja ni wa kiti cha magurudumu: gari la kukodi peke yetu kwa bei nafuu?

MamaPacha_Nakuru

Hamjambo wapwani. Nakuja huko mwezi wa nane na mamangu pamoja na mama mdogo, na hapa ndo nimekwama. Mama alipata kiharusi, upande wa kushoto haujarudi sawasawa, anaweza kusimama akishikwa na kupiga hatua chache mpaka mlangoni lakini zaidi ya hapo ni kiti cha magurudumu, kile cha kukunja. Mama mdogo yeye ni magoti, anatembea na mkongojo pole pole na akiona ngazi anasema nyinyi endeni nitawangoja hapa. Sasa huyu mama mdogo alikuwa mwalimu, hiyo Fort Jesus ameifundisha darasani mpaka akastaafu na hajawahi kuiona kwa macho, sitaki tufike aangojee nje.

Nilipigia kampuni moja ya tours wakanitajia bei ya van siku nzima nikaona hapa nalipia harusi, tena nikiuliza kama dereva atasaidia kumshusha mama wanasema "hiyo mtaelewana naye". Kile cha bei rahisi ni cha kuchanganywa na watu wengine, na mnajua hao wengine hawatakuwa na subira ya mtu anayechukua dakika kumi kushuka garini.

Kwa hivyo nataka kitu chetu wenyewe, nusu siku hata siku mbili nusu nusu, bei ya mwananchi. Je tuktuk inafaa ama nitafute gari? Na ni wapi kweli wataingia, si pale pa kupigia picha barabarani tu? Tunashuka SGR, ile treni ya kutoka Nairobi.

TuktukTudor

Karibu sana mama. Mimi naendesha tuktuk hapa kisiwani nitakwambia ukweli hata kama ni wa kujiharibia biashara. Tuktuk iko chini, mtu anageuka anakaa kwanza halafu anaingiza miguu, wazee wengi wanaipenda kuliko gari la juu. Lakini hesabu yako ni watu watatu na kiti. Kiti kikikunjwa kinataka nafasi pale miguuni, kwa hivyo nyuma wanakaa wawili kwa raha, watatu na kiti hapo mnabanana na mama wa kiharusi hataki kubanwa upande ule dhaifu. Chukua tuktuk mbili ama chukua gari ya safari ndefu na tuktuk ya Mji wa Kale peke yake, ndo ningefanya hivyo kama ni mamangu. Na kutoka SGR usije na tuktuk, stesheni iko Miritini kule, barabara ya malori, vumbi na matuta, mgongo wa mzee utalia.

Bei: usikubali kulipa kwa "trip". Kodi kwa saa na useme mwanzo kabisa kwamba kungoja kumo ndani ya saa hiyo na kusaidia kushusha kumo pia. Hapa kwetu ukielewana vizuri ni mia tano mpaka mia saba kwa saa tuktuk, mchana wa kawaida. Ukisikia dereva anasema "hapana neno tutaelewana tu" jua hamjaelewana, tafuta mwengine.

kibokoni_damu

Shikamoo za wazee zifike. Mie nimezaliwa Kibokoni kwa hivyo Ngomeni, hiyo Fort Jesus yenyewe, ni kama uani kwetu, nitakueleza palivyo.

Mlango mkubwa unaingilia kwenye njia ya kupanda, si ngazi, ni mpando wenye sakafu isiyo sawa, kiti kinapita kikisukumwa na mtu mwenye nguvu, wawili ni bora. Ukishapita hapo unatokea uwanja wa ndani umetanda, hapo ndo raha. Jengo la makumbusho liko hapo hapo katikati, na mwalimu wetu hatakosa kitu kikubwa maana vile vyombo vilivyoopolewa baharini kwenye ile meli ya Wareno San Antonio de Tanna, iliyozama 1697 wakati Waomani wameizingira ngome, viko humo humo hakuna haja ya kupanda popote. Mzingiro wenyewe ulianza 1696 ukaisha 1698, mwambie akae pale uwanjani atazame kuta awahadithie nyinyi, atakuwa yeye ndo mtembezaji. Ukuta wa juu na zile mizinga zinazotazama bahari, na Nyumba ya Waomani, hizo ni ngazi na mipando ya mawe, msijitese. Wewe panda peke yako upige video umletee.

Nendeni mapema, saa mbili na nusu asubuhi muwe mlangoni, kabla ya mabasi ya shule. Ijumaa ikifika mchana mtaa mzima unaenda msikitini, magari yanajaa njia, si siku nzuri.

Mji wa Kale: msimruhusu mtu yeyote awaambie lazima mtembee kwa miguu. Ndia Kuu tuktuk inapita, Mbarak Hinawy pia mnapita mnauona Msikiti wa Mandhry na ule mnara wake mweupe, msikiti wa tangu 1570 huo, mkongwe kuliko ngome yenyewe. Mwambieni dereva aende mwendo wa kobe na asimame mkitaka kutazama mlango wa nakshi ama roshani. Vichochoro vya ndani achaneni navyo, kuna mifereji na vizingiti na pikipiki zinatokea kama zimerushwa. Kushuka kule Bandari ya Zamani kuna mteremko, kwa tuktuk poa, kwa kiti hapana.

Na pale nje ya ngome mtakutana na vijana wa "mama karibu nikutembeze". Wako wazuri sana na wako wa kukutajia bei ukishamaliza. Uliza kibali, uliza bei, halafu ndo msogee. Mwambie wazi huyu hatembei, akianza kuwavuta kwenye maduka ya vinyago ujue hajasikia.

fisio_nyali

Naongezea upande wangu, kazi yangu ni hiyo ya kuwasimamisha watu wa kiharusi.

Gari: watu hukimbilia Toyota Noah wakidhani kubwa ndo bora. Noah iko juu kidogo, mtu wa magoti mabovu anapata tabu kupanda. Toyota Sienta, ile ndogo yake, iko chini, mlango unateleza pembeni haumpigi mtu, na kiti cha kukunja kinaingia nyuma. Halafu kitu ambacho wengi hawajui, kuna Sienta, Noah na Voxy zilizokuja kutoka Japani na kiti cha abiria kinachozunguka na kushuka nje chenyewe, ama zina ubao wa mteremko wa kupandishia kiti cha magurudumu nyuma. Mji huu ndo bandari ya magari, zimo nyingi tu na wenye nazo wanazitumia kama teksi za kawaida hata hawakigusi kile kitufe. Ukiuliza kwenye magrupu ya teksi "nani ana gari la kiti kinachozunguka" unaweza kushangaa. Bei huwa ni ile ile.

Mama akae kiti cha mbele, sio nyuma. Anaingia kwa kutanguliza makalio, kichwa kinainama, ndo miguu inafuata. Dereva asimvute mkono wa kushoto JAMANI, bega la upande wa kiharusi linachomoka kwa urahisi, mtu ashike mkanda wa kiunoni ama ashike chini ya mbavu. Mwonyeshe dereva mara moja pale pale hotelini kabla hamjaondoka.

La pili ni choo. Hakuna anayeuliza mpaka kumekucha. Pangeni njia yenu kufuata choo, si kufuata vivutio. Mall na lobi za hoteli kubwa ndo salama yenu, mnanunua soda mnaingia. Ndo maana mimi nasema msizidi masaa manne kwa siku, nusu siku mbili alizosema mwenyewe ndo mpango mzuri. Mwezi wa nane ni kusi, jua si la kuua kama la mwezi wa pili lakini kuna manyunyu ya ghafla, tuktuk ina pazia lakini mapaja yatalowa.

PwaniBilaPesa

Mnamjazia mambo mengi. Kama pesa ni ndogo, mahali pa kiti cha magurudumu Mombasa ni MAMA NGINA. Palitengenezwa upya 2019, njia pana, sakafu sawa, viti kila mahali, mibuyu ya kivuli, hulipi kuingia, na meli za mizigo zinapita pale mbele zinaingia Kilindini karibu mpaka unaona watu juu yake wakikupungia mkono. Nunua madafu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kachri, wazee wakae. Siku ya kazi kuanzia saa kumi jioni. Jumapili usithubutu, Mombasa nzima iko pale.

Na feri mtaiona kutoka hapo hapo. Msimpandishe mama feri eti kwa sababu ni bure kwa waenda kwa miguu. Gati ina mteremko, maji yakipwa unazidi kuwa mkali, na geti likifunguliwa watu wanakimbia hawaangalii kiti.

Mapembeni, yale mapembe makubwa ya ndovu ya kutengenezwa, mnapita tu Moi Avenue, dereva akate polepole, Jumapili asubuhi ndo barabara tupu. Kushuka ni kujitafutia kugongwa.

BintiKisauni

Mimi ndo mtumiaji wa kiti hapa kwa hivyo mnisikilize kidogo. Yote mliyosema sawa ila mmemzungumzia mama kama gunia la kupakia na kushusha. Muulizeni yeye anataka nini! Labda hataki ngome, labda anataka kukaa Bamburi amuone twiga. Haller Park inawezekana, ni ile machimbo ya zamani ya mawe ya saruji yaliyopandwa miti, pako tambarare na kivuli tele, njia ni za udongo na kokoto kwa hivyo magurudumu madogo ya mbele yanazama, sukuma kiti kikiwa kimelazwa nyuma kidogo kwenye yale makubwa. Twiga wanalishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, fika mapema upate nafasi ya mbele maana watu wakisimama mbele ya kiti unaona migongo tu.

Njiani kwenda huko kuna Bombolulu, karakana za APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, ziko tangu 1969, mapambo ya shanga, ngozi, mbao, vitambaa, na waliovitengeneza ni watu wenye ulemavu. Pigeni simu kwanza mjue siku hiyo wako wazi. Nawaambia kwa sababu ni sehemu chache sana mji huu ambapo ukifika na kiti hakuna anayekukodolea macho wala kukuombea dua bila kuombwa.

Ufukweni pia anaweza. Mchanga mkavu hauendi, lakini ufukwe wa Pirates maji yakipwa mchanga wa chini ni mgumu, kiti kinatembea. Uliza wavuvi saa ya kupwa, inabadilika kila siku. Shida ni ule ukanda wa mchanga laini kabla ya kufika huko, hapo vijana wawili wabebe kiti na yeye ndani, wape chai yao, na MUMUULIZE YEYE kabla ya kushika kiti. Mimi nilishanyanyuliwa na mtu nisiyemjua nikiwa bado namalizia chipsi.

MamaPacha_Nakuru

Jamani asanteni, nimewasomea wote wawili. Bi mkubwa amecheka hiyo ya chipsi mpaka machozi halafu akasema yeye anataka twiga, ngome ni ya dadake. Kwa hivyo siku ya kwanza ngome na Ndia Kuu asubuhi halafu wapumzike mpaka jioni twende Mama Ngina, siku ya pili Bombolulu na Haller. Swali la mwisho, gari la SGR na siku ya Haller nikipata Sienta bei gani ndo si ya kuonewa? Na mama mdogo hataki kabisa kukalia kiti cha magurudumu hata cha kuazima, anaona haya.

kibokoni_damu

Msimlazimishe. Mbebeeni kijistuli cha plastiki cha kukunja, kila akichoka anakaa, Ngomeni pale uwanjani wageni wenyewe wanakaa chini kwenye vivuli hakuna wa kumshangaa.

TuktukTudor

Sienta nusu siku kisiwani mpaka Bamburi na kurudi, elfu nne na nusu mpaka sita na mafuta ndani, ikizidi hapo unaonewa, ikishuka sana jiulize hilo gari lina breki. SGR weka dereva huyo huyo akuchukue, mtaje bei kabla hamjapanda treni Nairobi, sababu ukitoka pale nje na wazee na mabegi kila mtu anakuona wewe ni mgeni.  Tena wahudumu wa treni waambieni mapema kuna mtu wa kiti, mkingoja mpaka Miritini mtashuka wa mwisho kabisa.

Daraja la Nyali jioni linakaba, ukitoka Haller uwe umevuka kabla ya saa kumi na nusu la sivyo mama atakaa garini na ile habari ya choo ya fisio.

fisio_nyali

😂 ndo hivyo. Na dawa za presha ziwe kwa mkoba wa mkononi, si kwa begi lililobaki hotelini.

kibokoni_damu

Kitambulisho cha kila mmoja pia, bei ya mwananchi si sawa na ya mgeni na watataka kuona. Malipo Ngomeni ni ya simu kupitia eCitizen, ule mtandao wa serikali, keshi hawapokei, fanya usiku ule wa kuamkia mkiwa bado kitandani.