MODFLOW 6 au FEFLOW kwa modeli ya Makutapora?

Kisima_Kirefu: Wakuu, habari. Nipo Dodoma, naandaa modeli ya maji chini ya ardhi ya bonde la Makutapora kwa ajili ya shahada ya pili. Msimamizi wangu amezoea MODFLOW-2005, programu ya kukokotoa mwendo wa maji ardhini. Wengine wananiambia MODFLOW 6, toleo lake jipya, wengine FEFLOW, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Hivi vitu vipya vina maana kwetu au ni mbwembwe?

Mzee_wa_Pampu: Mbwembwe zipo, ila jambo moja siyo. Modeli inagawa ardhi kwa vijisanduku, ndizo seli. Kwenye MODFLOW-2005, maji yakishuka chini ya sakafu ya seli, seli inakauka na kuzimwa, na kuirudisha ni kazi ya kubembeleza. Makutapora ni graniti iliyochakaa, na pampu zinavuta kuihudumia Dodoma miaka nenda rudi. Seli zako za juu zitakauka tu. MODFLOW 6 ina mbinu ya Newton, njia ya kutatua milinganyo, ndani yake, kwa hiyo seli kavu inabaki kazini ikisubiri maji. Mwambie msimamizi hilo kwanza.

Halafu gridi, yaani mpangilio wa seli. Zamani ukitaka seli ndogo kwenye visima, mistari inakatiza modeli nzima mpaka milima ya Chenene, ambako hukuhitaji seli ndogo. Sasa unagawa palepale kisimani, na GB 8 zako zinapumua.

Dada_Singida: FEFLOW nimeitumia kazini, siidharau. Inagawa ardhi kwa pembetatu, na zinafuata mipasuko ya miamba vizuri, na huku kwetu mara nyingi maji yako kwenye nyufa. Ila leseni ni ya kulipia. Yetu ilipoisha, modeli ikabaki faili tusiloweza kuliendesha. Ripoti ipo kabatini, modeli ndiyo hivyo tena. MODFLOW 6 na ModelMuse, programu ya kuijenga modeli kwa kubonyeza, zote ni za USGS, shirika la jiolojia la Marekani, bure.

Fundi_Takwimu: Mnabishania programu, mvua mmeisahau! Makutapora ina vipimo vya kina cha maji tangu miaka ya 1950, na vinaonyesha kwamba maji hayajazwi kila mwaka. Yanajazwa kwa vishindo, kama ile El Niño ya 1997/98. Misimu mingi ya kawaida ni kidogo mno kinachofika chini. Ukichukua asilimia fulani ya mvua ya wastani ukaigawa sawasawa kila mwaka, Newton haikuokoi. Weka vipindi vya mwezi mmoja mmoja, tena kwa FloPy, maktaba ya Python ya kuandaa modeli za MODFLOW, ubadilishe mvua kwa msimbo badala ya kubonyeza mara mia.

Dada_Singida: Hapo nakuunga mkono. Niongeze: toleo la 6.5 la MODFLOW, la mwaka 2024, linafuatilia njia ya chembe za maji humohumo, bila kuita MODPATH, programu ya pembeni ya kazi hiyo. Litakufaa ukiulizwa vyoo vikae mbali kiasi gani na visima. Limeleta na hesabu za joto ardhini, hilo ruka.

Kisima_Kirefu: Asanteni sana. Naanza na ModelMuse, Python yangu ni ya kuokoteza. Ila vipindi vya mwezi tangu 1955 si vinazidi 800? Laptopu itaweza?

Mzee_wa_Pampu: Itaweza. RAM inalemewa na wingi wa seli, vipindi vinakula muda tu. Kitakacholia ni diski: hifadhi matokeo ya mwisho wa mwezi, usihifadhi kila hatua. Na ukiiacha ikimbie usiku, hakikisha betri inakaa na chaji. Umeme unaujua.