Tumeuziwa kiwanja kimoja na dalali mmoja: tulipize kisasi au twende polisi?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mwezi Machi nilinunua kiwanja cha mita 20 kwa 20 huko Chanika kwa shilingi 6,500,000. Siku niliyompeleka fundi, nilimkuta dada mmoja amesimama katikati ya kiwanja na fundi wake, kamba za msingi zimekwisha kuvutwa. Tuligombana hadi jua likawa la utosi, kisha kila mmoja akatoa hati yake ya mauziano: dalali yule yule, mwandiko ule ule, na muhuri wa serikali ya mtaa ambao neno "Mwenyekiti" limeandikwa "Mwenyekti" kwenye hati zote mbili. Tangu hapo tunamsaka pamoja, na katika kuzunguka huko tumependana kwa dhati.

Tumepanga dada huyo ajifanye mnunuzi aliyerudi kutoka Muscat, avae dhahabu za kuazima, atake viwanja vinne, lakini kwanza amdai dalali amana ya shilingi 13,000,000. Akizitoa tu, tunatoweka nazo, kwa kuwa ndizo fedha zetu. Je, ni sawa? Na posa niipeleke sasa, au nisubiri fedha zirudi?

Mama Ukonga: Mdogo wangu, usithubutu. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufika miaka 7, hata kama uliyemdanganya ni tapeli. Nendeni kituoni pamoja, kwa sababu hati mbili zenye kosa moja la muhuri ni ushahidi ambao mmoja wenu peke yake asingekuwa nao.

Mzee wa Pugu: Naunga mkono. Mwombeni mwenyekiti halisi athibitishe kwa maandishi kuwa muhuri si wake, na majirani wa mipaka wawatajie mwenye eneo. Mpango wa Muscat mwelezeni mpelelezi. Mtego akiuona unafaa, auongoze yeye.

Binti Tanga: Amekupenda ukiwa huna kiwanja wala akiba, sasa unasubiri fedha za nini? Tafuta mshenga.

Mwenye uzi: Nashukuru sana. Leo tumefungua jalada, na mpelelezi amezichukua hati zote mbili. Mshenga anakwenda Jumamosi. Kwao ni Wadigo wa Tanga. Naomba anayejua anieleze barua ya posa huambatana na nini.