Tana River: tunapimaje hatari ya mafuriko ikiwa mvua yenyewe hainyeshi kwetu?

MwalimuGarsen
Hamjambo wenzangu. Nafundisha shule ya msingi karibu na Garsen, na nimechaguliwa kwenye kamati ya wadi inayoandika hatari za majanga. Fomu tuliyopewa inaanza hivi: mvua kubwa hunyesha miezi gani? Nimekwama hapo hapo. Mei 2024 maji yaliingia darasani kwangu yakafika usawa wa madawati, na juma lile jua lilikuwa likiwaka. Maji yetu hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, yakapita mabwawa matano tangu Masinga hadi Kiambere, ndipo yatufikie. Nikiandika "mvua" nitakuwa nimewapotosha watu wangu. Ramani nayo imelipaka bonde zima rangi moja nyekundu, ilhali kuna nyumba ambazo hazijawahi kulowa. Nipimeje kijiji kwa kijiji?

MzeeWaMiembe
Mwanangu mwalimu, anza na miembe. Marehemu baba alipigilia msumari kwenye mwembe wetu maji yalipofika mwaka 1961. Mimi nikaongeza wa 1997, wa 2018 na wa 2023. Mti ukikua msumari hauhami, basi ukiwa na kamba ya kupimia unapata jibu. Uliza pia maji yalikaa siku ngapi. Mwembe mkubwa hustahimili, lakini migomba ikisimama majini wiki nzima, shamba limekwisha. Na ule mkondo wa zamani uliokauka, mnaolishia ng'ombe siku hizi, uandike. Maji yakizidi huanzia huko, nyuma ya nyumba, watu wakiwa wanautazama mto mbele.

MpimaMaji
Mzee amesema kweli. Mimi naongeza vipimo viwili. Masinga ikijaa, yaani mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, huanza kumwagika. Taarifa hiyo hutangazwa, ifuatilie. Kisha kipimo cha mto pale Garissa. Kutoka Garissa hadi kwenu hakuna mto wa kudumu unaoingia Tana, ni laga tu, yaani mikondo mikavu inayotiririka mvua ikinyesha, kwa hiyo kipimo hicho kinakwambia mengi. Mafuriko yajayo, andika tarehe maji yalipofika kilele Garissa na tarehe yalipofika kwenye msumari wa mzee. Tofauti yake ndizo siku mlizo nazo za kuhama. Laga zipe ukurasa wake. Hizo hujazwa na mvua ya karibu na huja kwa saa chache.

BintiWaHola
Mwalimu, naona mnapima maji, watu hamjawagusa. Nimehama mara mbili na watoto. Kilichotuumiza kambini ni vyoo vilivyofurika, na kipindupindu kilifuata mafuriko ya 2024 katika kaunti hii. Andikeni kila nyumba: nani hawezi kutembea, nani mjamzito, nani ana mtumbwi, choo kiko wapi.

Halafu ukame. Misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliwakuta watu wamekwisha kuuza mbuzi. Nyumba iliyouza mbuzi haina nauli ya kuhamisha bibi na magodoro hadi penye mwinuko. Fomu zenu huweka ukame ukurasa huu na mafuriko ule, kama kwamba ni watu tofauti.

MwalimuGarsen
Dada, hilo la mbuzi sikuwa nimeliwaza kabisa. Nitaongeza safu: mifugo iliyobaki nyumbani. Jumamosi natoka na wenzangu wawili wa kamati, kamba na misumari, na tutaanza kwako mzee. Mpima maji, kwenye miti mipya msumari tuupige upande upi, unaotazama mto?

MpimaMaji
Upande wa pili, maji yanakoelekea. Upande unaopokea mkondo hugongwa na magogo, msumari utang'oka. Na andika mwaka kwa rangi kando yake.