Naomba ushauri: kijana yupi ataendelea na soka ukubwani?

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 hapa Ujiji, Kigoma. Tangu fainali ya Simba na Yanga ya 2021 pale uwanja wa Lake Tanganyika, watoto wamejaa uwanjani. Tatizo langu ni hili: waliobalehe mapema, wenye mwili na mbio, ndio wanaotubeba, ila wakifika miaka 18 wengi wanaacha. Inaniuma sana. Yupo mdogo mmoja, jioni wenzake wakiondoka yeye anabaki akipiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto mpaka giza. Nilijaribu kuwagawa kwa kimo badala ya umri, wazazi wakalalamika.

Naombeni mnisaidie: mmeona tabia gani kwa vijana waliodumu kwenye soka? Na huyu mdogo nimpe namba sasa, au nisubiri mwili ukomae?