Kwanini wachoraji wa Ulaya walijaza ala za muziki kwenye picha zao?

Mzee_wa_Rangi:
Wakuu heshima kwenu. Naangalia hapa picha ya Hans Holbein ya mabalozi wawili, ya 1533, ipo National Gallery London. Nimezuum ile rafu ya chini katikati ya hao jamaa nikakuta ala kama udi wetu wa taarabu, sasa uzi mmoja umekatika unaning'inia tu. Mtu aliyechora mpaka manyoya ya koti hawezi kupitiwa na kitu kama hicho. Afu kila nikicheki picha za zamani za huko ni vinanda, filimbi, malaika na fidla, walikuwa wanapenda muziki tu au kuna kitu wanatuambia?

Kinanda_Bovu:
Makusudi kabisa mkuu. Kipindi hicho Henry VIII, mfalme wa Uingereza, ndo anavunjana na Papa, na Ujerumani Walutheri na Wakatoliki hawapikiki chungu kimoja. Uzi ukikatika nyimbo hailingani tena, ndo Ulaya yenyewe ilivyokuwa. Cheki kitabu kilichofunguliwa hapo mbele ya hiyo ala, ni tenzi za Kilutheri, wakati hao mabalozi ni Wakatoliki wa Ufaransa na mmoja wao ni askofu! Hata kwenye mkoba wa filimbi moja haipo. Na hiyo ala inaitwa luti, ni ndugu wa udi kweli, Waarabu ndo waliufikisha Ulaya kupitia Hispania.

BintiMsanii:
Sawa ila tusifanye kila gitaa kuwa fumbo la dini jamani. Njooni kwa Vermeer, Uholanzi miaka ya 1600 na, kule muziki ni mapenzi. Kuna picha yake dada kakaa kwenye kinanda anakutazama wewe, mbele yake kuna fidla kubwa imeegeshwa na upinde wake na mpigaji hayupo, sasa nani anasubiriwa hapo? Ukutani nyuma yake kaning'iniza picha ya Baburen inayoonyesha kuwadi, mteja na mwanamke wa biashara anapiga luti 😂 dada mwenyewe katulia kama hajui kitu.

Kinanda_Bovu:
Hapo nakupa, huyo anasubiri mgeni.

Sheikh_Brashi:
Mmemsahau Bosch. Ile picha yake ya Bustani iliyopo makumbusho ya Prado, Madrid, upande wa jehanamu ala zimegeuka vyombo vya mateso, mtu katundikwa kwenye nyuzi za kinubi, mwingine kalaliwa na luti na makalioni kaandikiwa noti za muziki. 2014 mwanafunzi mmoja Marekani alizinakili zile noti akaweka mtandaoni watu wakazisikiliza. Wakati van Eyck kule Ghent, Ubelgiji, 1432 alishachora malaika wanaimba na kupiga kinanda cha kanisa, yaani muziki uleule peponi upo motoni upo, inategemea unapigiwa nani.

Mzee_wa_Rangi:
Duh makalioni?? Ngoja nikazuum. Je hawa wa karne ya 20 wanaochora madoa madoa?

BintiMsanii:
Hao ndo waliacha kuchora ala wakataka picha yenyewe isikike. Mchoraji Kandinsky alienda konseti ya mtunzi wa muziki Schoenberg pale Munich Januari 1911, akarudi akachora njano tupu imetapakaa na doa kubwa jeusi, hilo doa ndo piano. Mimi ile njano naisikia kabisa, mume wangu anasema ni uji umemwagika.