Templeti moja yenye masharti au templeti kibao? Tunakaribia kununua programu ya kupokea wateja wapya

mratibu_wa_zamu:
Wakuu, salaam. Tuko hatua za mwisho kununua programu ya kusimamia mapokezi ya wateja wapya na bosi anataka jibu wiki hii. Yamebaki machaguo mawili. La kwanza lina masharti ndani ya templeti (orodha ya hatua iliyoandaliwa tayari kwa kila mradi): ukijaza kwamba mteja anahamisha data kutoka mfumo wake wa zamani, hatua zote za kuhamisha zinajitokeza zenyewe, usipojaza hivyo hazionekani. La pili halina masharti kabisa, ila kunakili templeti ni rahisi na bei yake iko chini. Kuna mwenzetu anasema tuchukue hilo la pili, tutengeneze templeti kwa kila aina ya mteja, biashara imeisha. Mimi moyo uko kwenye masharti. Nyie mnaonaje?

Bi_Ratiba:
Mkuu, umeacha nje karibu kila kitu cha maana. Mnapokea wateja wangapi kwa mwezi? Wanatofautiana kwa mambo gani? Nani anajaza hayo majibu, mteja, mtu wa mauzo au ninyi wenyewe? Bila hayo kila mtu hapa atakushauri kuhusu kampuni yake, si yako.

nyuzi_na_waya:
Mimi sisubiri majibu, hesabu inatosha. Chukua maswali 5 ya ndiyo au hapana: anahamisha data? anaunganisha API, yaani njia ya programu mbili kupeana data? wafanyakazi wake wataingia kwa akaunti ya kampuni yao? anahitaji mafunzo? ana matawi zaidi ya moja? Hapo tayari una michanganyiko 32. Yakifika maswali 8 ni 256. Siku mkibadilisha sentensi moja kwenye ujumbe wa kukaribisha mtafungua templeti 32 moja moja? Chukua masharti, funga mjadala.

Kobe_Mzee:
Hesabu yako ni sahihi, mkuu, ila inatisha watu bure. Wateja hawajigawi sawasawa kwenye hiyo michanganyiko 32. Wengi huangukia mafungu matatu au manne, waliobaki ni wa kushughulikiwa kwa mkono. Halafu ukiweka masharti zile njia 32 hazijapotea, zimehamia mahali usipoziona. Ukiwa na templeti nne nazifungua zote nazisoma. Ukiwa na moja yenye masharti ishirini, niambie nani amewahi kukaa akajaribu kila njia kabla ya kuiruhusu itumike.

nyuzi_na_waya:
Huna haja ya kujaribu zote. Masharti yasiyogusana unayajaribu kila moja peke yake.

Kobe_Mzee:
"Yasiyogusana." Subiri mafunzo yategemee data kuwa imeshahamishwa, ndipo utajua yanagusana au hayagusani.

mratibu_wa_zamu:
Samahani wakuu, nilikuwa kikaoni. Wateja ni kumi na kitu kwa mwezi. Kuna wadogo na wakubwa. Wakubwa karibu wote wanataka wafanyakazi wao waingie kupitia SAML (ule utaratibu wa kuingia kwa akaunti ya kampuni yao), wadogo hawana habari nayo. Fomu nadhani itajazwa na mtu wa mauzo dili likishafungwa.

Bi_Ratiba:
Hiyo "nadhani" ndiyo ya kushughulikia kabla hata ya kununua. Mtu wa mauzo akishafunga dili akili yake iko kwa mteja mwingine. Atachagua jibu la kwanza kwenye orodha ili aondoke. Sharti linasoma kilichojazwa, halijui mteja kasema nini kwenye simu.

dada_mpangaji:
Nimesoma nikakumbuka machungu, naomba mnivumilie, ni refu kidogo.

Kazini kwangu kwa zamani tulikuwa na programu ya namna hiyo, siitaji. Templeti moja kubwa, masharti yamejaa. Mtengenezaji wa templeti aliandika sharti kwa kukanusha: kama jibu la kuhamisha data SIYO "Hapana", onyesha hatua za kuhamisha. Inasomeka vizuri, eti? Sasa swali likiachwa wazi, mfumo unaona wazi siyo "Hapana", kwa hiyo unaonyesha. Wateja wadogo wasio na data yoyote wakawa wanatumiwa ujumbe wa kudaiwa faili za kuhamisha.

Wakarekebisha hilo, likaibuka la pili. Mafunzo yalifungwa kwenye hatua ya kuhamisha data, yaani hayafunguki mpaka ile imalizike. Kwa mteja asiyehamisha, ile hatua imefichwa, haiwezi kumalizwa na mtu asiyeiona. Mafunzo yakakaa yamefungwa, na kwenye dashibodi ya mteja asilimia ya maendeleo ikawa haifiki mwisho hata kazi zote zinazoonekana zikikamilika, kwa sababu zilizofichwa nazo zilihesabiwa. Mteja anapiga simu kuuliza kimebaki nini. Unamjibu nini?

Lililotuua ni la tatu. Mteja mkubwa katikati ya mradi akabadili mawazo, akataka kuhamisha data. Tukageuza jibu kuwa "Ndiyo". Hatua zikajitokeza, lakini tarehe zake zilihesabiwa kutoka siku mradi ulipoanza, kwa hiyo zikazaliwa zote zimechelewa. Mfumo ukamrushia mteja vikumbusho vya kuchelewa kwa mkupuo, na mkurugenzi wao naye alikuwa kwenye orodha ya wapokeaji. Kuna mwenzetu akapaniki, akarudisha jibu kuwa "Hapana" ili zitoweke. Zikatoweka kweli, pamoja na mafaili ambayo mteja alikuwa ameanza kupakia. Tukawaandikia watu wa msaada wa programu, wakajibu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa kufanya kazi.

Kwa hiyo mtoa mada, waulize wauzaji: sharti linasomwa mara moja mradi unapoundwa, au linaendelea kusomwa? Na hatua ikiondoka, inafichwa, inafutwa, au inahesabiwa kama imekamilika?

nyuzi_na_waya:
Pole dada. Ila hapo kosa ni la aliyejenga. Sharti huandikwa kwa kukubali, swali hufanywa la lazima.

dada_mpangaji:
Aliyejenga alikuwa na maarifa kuliko sisi wote. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuigusa templeti alipohama kazi.

mpenda_shiti:
Mnajitesa. Google Forms inaweza kumpeleka mjazaji sehemu tofauti kulingana na jibu, halafu majibu yanaingia kwenye jedwali la Google Sheets. Bure.

Bi_Ratiba:
Inafanya hivyo kwa swali la kuchagua jibu moja au la orodha kunjuzi tu, visanduku vya kuchagua mengi haviwezi kugawa njia. Mteja anayetaka huduma tatu kwa pamoja utamweka wapi? Na fomu haikumbushi mtu kazi, haina tarehe, haina mwenye jukumu.

mpenda_shiti:
Kuna skripti, unaandika kiprogramu kidogo kinafanya hayo.

Kobe_Mzee:
Na siku mwandishi wa skripti akienda likizo kuna nini?

salama_baharini:
Sijaona aliyetaja njia ya kati, nayo ndiyo tunayotumia. Templeti ya msingi fupi, ina yale tu ambayo kila mteja anapitia: kikao cha kwanza, kufungua akaunti, kukabidhi. Pembeni kuna vifurushi vya hatua: cha SAML, cha kuhamisha data, cha API. Msimamizi akishaongea na mteja anaongeza kifurushi kinachohusika, na tarehe zinaanza kuhesabiwa siku kilipoongezwa. Mteja akibadili mawazo katikati, unaongeza tu. Hakuna kinachofutika. Hasara yake ni kwamba mtu anaweza kusahau kifurushi.

nyuzi_na_waya:
Hayo ni masharti yanayoendeshwa na binadamu. Na binadamu husahau, umesema mwenyewe.

salama_baharini:
Binadamu akisahau, mteja atauliza na utaongeza. Kwa wateja kumi na kitu kwa mwezi nakubali hatari hiyo. Wangekuwa mia tatu ningesema vingine.

jicho_la_ndani:
Kama mauzo yenu yako Salesforce (mfumo wa kutunza rekodi za wateja na mauzo), angalieni TaskRay, programu ya kupokea wateja inayoishi humo humo ndani, hivyo jibu linaweza kutoka kwenye rekodi ya dili bila kujazwa mara mbili. Ila kama hiyo sehemu ya rekodi ni ya kuandika huru badala ya orodha, herufi moja iliyokosewa inatosha kufanya sharti lisilingane.

Bi_Ratiba:
Hapo tunarudi kwa watu wa mauzo.

mfunga_dili:
Mimi ni mtu wa mauzo na nimechoka kusingiziwa. Mnatupa fomu ya maswali arobaini, nusu yake hata mteja hajui jibu lake siku ya kusaini. Aulizwe SAML wakati fundi wake hajawahi kuwa kikaoni? Wekeni chaguo la "bado haijajulikana" kama mna nia njema.

Kobe_Mzee:
Hilo la "bado haijajulikana" nalikubali, ingawa limetoka mauzo. Lenyewe lifungue hatua moja: mpigie mteja umuulize.

mratibu_wa_zamu:
Nimewauliza wauzaji wa programu ya kwanza lile swali la dada. Wamejibu "inategemea na mpangilio" na kuniomba kikao kingine. Bosi naye ameingia kwenye uzi huu akasoma, sasa anataka tuangalie na hivyo vifurushi kwenye ile ya bei nafuu. @salama_baharini, nani kwenu ana ruhusa ya kuhariri vifurushi? Na mkikibadilisha, miradi inayoendelea inabadilika?

salama_baharini:
Miradi inayoendelea haiguswi, inabaki na toleo la zamani. Ruhusa wanayo watu wawili, na hawaelewani.

mpenda_shiti:
Kwenye Sheets mngekuwa mmeshamaliza.

pepo_za_kusi:
Samahani kuingilia kati, hivi kuna programu inayoficha kazi za ndani ili mteja asione tunavyobishana kwenye maoni?

Bi_Ratiba:
Fungua uzi wako, mkuu. Na useme mna wateja wangapi.